Filamu ya baba mdogo kuhusu unga: nianzie wapi kuiokoa?

*"Shikamoo mtaalamu. Niko Moshi. Baba yangu mdogo, sasa ni marehemu, alikuwa mpiga video za harusi Arusha. Mwaka 2002 alitengeneza filamu yake moja tu, ya kijana mpiga debe wa Stendi Ndogo anayeingia kwenye unga, yaani heroini. Pesa ilikuwa ya mfukoni mwake, waigizaji walikuwa vijana wa Ngarenaro na Unga Limited. Ilioneshwa kwenye vibanda vya video kwa muda, halafu ikapotea. Tulipokuwa tunahamisha vitu vyake nimekuta boksi lenye kanda tisa za VHS za saa tatu tatu: moja imeandikwa MASTA, saba ni zile alizorekodia, moja ni nakala ya kibanda. Mbili zimeota kitu cheupe pembeni mwa utepe. Fundi mmoja ameniambia atazianika juani, azisafishe kwa spiriti, azitie kwenye flashi na kuzipandisha ziwe 4K kwa akili mnemba. Ndugu wanataka tukate kelele ndefu za stendi, na ile sehemu ya kijana kufungwa stoo siku saba akatoka amepona, kwa sababu si kweli. Na kuna jambo linaninyima usingizi. Mwigizaji mmoja alikuwa mtumiaji kweli, na kuna mahali anajidunga kweli mbele ya kamera. Leo ameacha, ana mke na watoto, yuko Arusha. Mimi nataka filamu iende YouTube watu waione. Je, filamu ya bei ndogo namna hii inastahili kuhangaikiwa? Nianzie wapi?"*

Marahaba. Pole kwa kuondokewa na baba mdogo, na asante kwa kutolitupa lile boksi. Kazi kama zake nyingi huishia jalalani siku ileile nyumba inapohamwa.

Kabla hujasoma zaidi, fanya mambo mawili. Mwambie fundi asubiri. Kisha chukua kila kanda, utazame ule ukingo wenye lebo: upande wa kushoto kuna kijipande kidogo cha plastiki. Kivunje. Kikishavunjwa, deki haiwezi kurekodi juu ya kanda hiyo hata mtu akibonyeza kitufe kwa bahati mbaya. Usiichezeshe hata moja kwa sasa, hata zile zinazoonekana safi.

Umeuliza maswali mengi ndani ya barua moja, lakini nikiyasoma pamoja naona wasiwasi mmoja: unaogopa kuipoteza filamu, na papo hapo unaogopa kuitoa ikamuumiza mtu. Hofu zote mbili ni za kweli. Ushauri wangu unasimama juu ya jambo moja: kuokoa filamu na kuipendezesha ni kazi mbili tofauti, na ya kwanza lazima iishe kabla ya pili kuanza. Karibu kila kitu ulichoambiwa mpaka sasa ni cha kupendezesha.

Kama inastahili? Inastahili, tena sana. Ukimuuliza mpenda sinema wa nje kuhusu Arusha atakutajia *Hatari!* ya mwaka 1962, ile ya Howard Hawks na John Wayne wakikamata wanyama, ambayo sehemu yake ilipigwa Momella. Watu wa mjini hawamo humo ila kwa mbali. Baba yako mdogo aliielekeza kamera Stendi Ndogo, kwa vijana wa rika moja na mitaa ileile, wakazungumza Kiswahili chao cha kijiweni na kupanda vifodi, zile daladala ndogo za enzi hizo. Hakuna shirika lililomtuma, kwa hiyo hakuna aliyemwambia aweke ujumbe gani. Mwaka 2002 dawa ya methadoni ilikuwa bado haijaanza kutolewa kwa waraibu nchini. Kliniki ya kwanza ilifunguliwa Muhimbili mwaka 2011. Familia yenye kijana anayebwia unga ilikuwa na maombi, kamba na mlango wa stoo. Filamu iliyoonesha hali hiyo wakati ikiendelea, kutoka ndani, ni kumbukumbu ambayo ripoti za ofisini haziwezi kutupa.

Wala usidhani umaskini wa filamu huifuta thamani yake. Mwaka 1961 Shirley Clarke alitengeneza New York filamu iitwayo *The Connection*, ya kundi la watumiaji wa heroini waliokaa chumbani wakimsubiri muuzaji. Wakaguzi wa jimbo waliizuia kwa sababu ya lugha yake, ikaoneshwa kwa shida, ikasahaulika. Miaka mingi baadaye hifadhi ya filamu ya chuo kikuu cha UCLA iliirejesha na ikarudi majumba ya sinema. Lakini ipo tofauti moja kubwa kati ya kazi ile na yako, na nataka uielewe vizuri kwa sababu ndiyo itakayokulinda dhidi ya ahadi za 4K. Wao walikuwa na mkanda wa filamu halisi, ule unaosafishwa kwa kemikali, ambao ndani yake kuna maelezo mengi kuliko yaliyowahi kuonekana kwenye skrini. Wewe una utepe wa sumaku. Kilichoandikwa humo ndicho hichohicho, hakuna kingine kilichojificha nyuma yake.

Utepe wa VHS ni plastiki nyembamba ya poliesta, upana wake milimita 12 na ushee, uliopakwa chembe ndogo za sumaku zilizoshikwa na gundi. Kamera iliandika picha kwa mistari ya mshazari kwa kutumia hedi, yaani vichwa vya kuandika na kusoma sumaku, zinazozunguka mara 25 kwa sekunde, na kila mstari una upana wa takriban mikroni 49, mwembamba kuliko unywele wa kichwani. Sauti, kwenye kamera nyingi za begani za wakati ule, iliandikwa kivyake kwenye ukingo wa juu wa utepe. Ukingo wa chini una alama zinazoiambia deki mistari ianzie wapi. Ukishajua hivyo utaona kwa nini ule weupe wa pembeni unanitia wasiwasi: kingo ndipo sauti ilipo, na ndipo zilipo alama zinazoifanya picha itulie. Mara nyingi kanda hupoteza maneno kabla haijapoteza sura.

Sasa jua na spiriti. Fundi ana haki kwenye jambo moja: ule weupe ni ukungu, na kanda yenye ukungu inahitaji kukauka. Kosa lake ni jua. Boksi jeusi la plastiki likianikwa juani hupata joto kali ndani, utepe hujikunja au kuvutika, na mstari wa mikroni 49 ukipinda kidogo tu hedi haiupati tena. Joto halifuti sumaku. Linaharibu umbo la utepe, na umbo likishaharibika halirudishwi. Spiriti ya dukani ya kusafishia vidonda nayo ina maji ndani yake, na gundi ile adui yake ni maji. Hunyonya unyevu taratibu, mwaka hadi mwaka, ikawa laini na kunata. Umeishi na masika ya Machi hadi Mei, unajua nguo za kabatini zinavyonuka ikifika Juni. Hewa ya stoo ikizidi unyevu wa asilimia 65 hivi, ukungu huanza kuota.

Kwa hiyo zitenge zile mbili leo, zikae mbali na saba zilizobaki, na usichanganye maboksi yake. Ziweke zikiwa zimesimama, si zimelazwa, kwenye chombo cha plastiki kinachofunga vizuri pamoja na vifuko vipya vya silika vya kunyonya unyevu. Vile vya zamani vilivyokaa kwenye boksi la viatu vimeshashiba. Chombo kikae chumba chenye ubaridi wa kawaida, mbali na jiko na ukuta unaopigwa na jua. Baada ya wiki kadhaa ukungu utalala na kugeuka vumbi. Hapo usifungue kanda sebuleni. Vumbi hilo ni mbegu za ukungu, linaumiza mapafu, na kama nyumbani kuna mwenye pumu asilikaribie kabisa. Usiitie deki kanda yenye ukungu eti ujaribu tu: hedi zitaziba, na kanda safi itakayofuata itaambukizwa.

Niseme pia kuhusu kanda zenyewe, maana naona ndugu wanaihesabu MASTA kuwa ndiyo filamu na zile saba kuwa takataka. Mwaka 2002, mpiga video wa harusi asiye na kompyuta ya kuhariria alikata filamu kwa deki mbili: moja inacheza, nyingine inarekodi. Maana yake MASTA ni nakala ya kizazi cha pili, na ile ya kibanda ni ya tatu, kama fotokopi ya fotokopi. Kila kizazi rangi zilitapakaa zaidi na nyuso zikafifia. Picha bora aliyopiga baba yako mdogo imo kwenye zile kanda saba mbichi. Lakini mpangilio wake, alikata wapi, aliacha nini, wimbo alioutia wapi, sauti alizoongeza baadaye, vyote hivyo viko kwenye MASTA peke yake. Ukitaka kuirejesha filamu kwa ubora wa juu kabisa, itabidi siku moja mtu akae na kuijenga upya tukio kwa tukio kutoka kanda mbichi, akiifuata MASTA hatua kwa hatua, na kuchukua sauti kutoka MASTA. Mahali MASTA ilipoliwa na ukungu, nakala ya kibanda ndiyo itakayokuambia palikuwa na nini. Hakuna kanda ya kutupa kati ya hizo tisa.

Kazi hiyo ya kujenga upya ni ndefu na haina haraka. Chenye haraka ni kuzihamisha kanda kwenda kwenye faili. Kampuni ya Funai ya Japani, iliyokuwa ya mwisho kutengeneza deki za VHS, ilisimamisha uzalishaji mwezi Julai 2016. Deki zilizobaki zinazeeka: mipira inakauka, hedi zinalika, na mafundi wanaojua kuzirekebisha wanapungua. Mwaka 2019 UNESCO ilisaidia kutoa tahadhari duniani kote kuhusu kanda za sumaku, kwa sababu hifadhi nyingi zilishaona kwamba mashine zitaisha kabla ya kanda. Huna miaka kumi ya kufikiria.

Kuhusu namna ya kuhamisha, kile kidude cha bei nafuu cha kuchomeka kwenye laptop ambacho mafundi wengi wanatumia kina kasoro mbili. Kinaibana picha papo hapo, na kwenye sehemu ambayo kanda inatetemeka, kinaruka fremu bila kukuambia, ndiyo maana video nyingi za harusi zilizohamishwa zina midomo isiyoendana na maneno. Unachotaka ni deki nzuri iliyosafishwa hedi, ikiwezekana yenye tundu la S-Video, kifaa cha kutuliza mawimbi ambacho wenye kazi hukiita TBC, na kurekodi kwa mfumo usiopoteza kitu. Uliopo wa bure na unaotumiwa na hifadhi nyingi ni FFV1. Kwa mfumo huo saa moja ya VHS huchukua kama gigabaiti 30 hivi au zaidi kidogo. Kanda tisa za saa tatu tatu, hata zikiwa zimejaa zote, ni saa 27, yaani kama gigabaiti 810. Diski moja ya terabaiti 2 inatosha na nafasi inabaki. Nunua tatu: moja ikae Moshi, moja Arusha kwa mjane wake, moja kwa ndugu aliye mkoa mwingine. Flashi ni ya kusafirishia faili, usiifanye ghala.

Usikate, usirekebishe rangi, usiondoe mlio wala mikwaruzo katika hatua hii. Rekodi kila kanda kuanzia mwanzo hadi mwisho, hata pale ambapo kamera iliachwa ikipiga sakafu. Faili hizo zisiguswe tena. Kila mtakachofanya baadaye kifanyike kwenye nakala.

Hapo ndipo tunapofika kwenye 4K ya fundi. Picha ya VHS ikihamishwa kwa ukamilifu ina nukta 720 kwa 576, yaani 414,720. Picha ya 4K ina nukta 8,294,400, ambazo ni mara 20 kamili. Kwa hiyo kati ya kila nukta 20 utakazoziona, 19 zimebuniwa na programu, ikikisia kutokana na nyuso za watu wengine ilizofundishwa nazo. Kwenye video ya harusi labda hasara si kubwa. Kwenye filamu ya unga, uso ndio ushahidi: macho yaliyozama, midomo iliyokauka, ngozi ya kijana aliye kwenye arosto, yale mateso ya mwili unapokosa dawa. Programu itamsawazisha ngozi na kumpa meno ambayo hakuwa nayo, na vijana wale wa Ngarenaro watageuka watu wasiokuwepo. Kama siku moja mtataka nakala ya kuonesha kwenye ukumbi mkubwa, ikuzwe kwa kiasi na mtu anayelinganisha kila uso na ule wa kanda mbichi.

Na kelele za stendi, ndugu zako wananisikitisha kidogo. Wapiga debe wale wakiita abiria, honi, muziki wa kifodi kinachopita: hayo baba yako mdogo angeweza kuyakata mwenyewe kwenye deki zake mbili. Aliyaacha. Mhusika wake ni mpiga debe, na mtazamaji asipokaa ndani ya kelele ile kwa muda hatajua ni kimya gani kijana anakitafuta kwenye kete ya unga.

Sehemu ya stoo ina uzito mwingine, na ndugu wako karibu na ukweli kuliko wanavyojua. Kumfungia mtu hadi arosto iishe hakumponyi uraibu wa heroini. Mbaya zaidi, mwili unapokaa siku kadhaa bila dawa hupoteza ule uzoevu uliokuwa umejengeka. Mtu akitoka na kurudia kipimo alichokuwa akitumia zamani, kipimo kilekile kinaweza kusimamisha upumuaji wake. Wengi wamekufa hivyo, mara tu baada ya kutoka mahabusu, hospitali au chumba walichofungiwa na ndugu waliowapenda. Kwa hiyo ndiyo, tukio lile likioneshwa kimyakimya leo linaweza kumfanya mzazi wa Sanawari au Majengo aende kununua kamba.

Hata hivyo nasema msilikate. Ndivyo watu walivyoamini mwaka 2002, na mkilikata mtakuwa mmefuta jambo la maana kuliko yote filamu inalotufundisha kuhusu upweke wa familia zile. Wekeni maandishi mwanzoni mwa filamu, tena yasomwe kwa sauti, yakisema wazi kwamba njia inayooneshwa ni hatari, kwamba uraibu ni ugonjwa unaotibika, na kwamba methadoni inapatikana nchini. Kila mnapoionesha awepo mhudumu wa afya anayejua uraibu, na abaki baada ya onesho, maana kwenye ukumbi wowote wa Arusha au Moshi hatakosekana mtu mwenye mdogo wake nyumbani anayetumia. Na kama wewe mwenyewe au ndugu yeyote ana mtu wa namna hiyo sasa hivi, acha filamu, nendeni naye Mawenzi au Mount Meru mkaulize huduma za afya ya akili na uraibu. Hilo halitatuliwi kwa barua.

Sasa yule bwana aliyejidunga. Umesema linakunyima usingizi, na naona dhamiri yako iko mahali pake. Watu watakuambia, "Si alikubali mwenyewe?" Alikubali mwaka 2002 kuonekana kwenye vibanda vya video, akiwa kwenye matumizi, pengine akihitaji pesa ya siku ile. YouTube yenyewe ilianza mwaka 2005. Hawezi kuwa alikubali kitu kisichokuwepo, wala hakujua kwamba siku moja mtoto wake atakuwa na simu mkononi na rafiki wa shule atamtumia kipande kile. Ruhusa ya wakati ule haitoshi kwa jambo la leo.

Nenda ukamwone. Usimpigie simu kumwambia, na usimtumie kipande kwa WhatsApp. Nenda bila kamera, bila ndugu watano nyuma yako, umkute mahali ambapo mkewe na majirani hawasikii, maana hujui amewaambia nini kuhusu maisha yake ya nyuma. Mweleze kwamba kanda zimepatikana, kwamba tangu zipatikane hazijaoneshwa kwa yeyote, na kwamba neno lake kuhusu tukio lile litafuatwa. Kisha mpe muda. Akisema hapana, ni hapana, na usimwombe sababu.

Akitaka kuliona, kuna hatari ambayo watu wa sinema hawaifikirii. Kwa mtu aliyeacha heroini, kuona sindano, kijiko, foili, hata kusikia sauti za mahali alipokuwa akitumia, kunaweza kuamsha hamu kali hata baada ya miaka mingi. Ubongo umeyafungamanisha mambo hayo na dawa, na kujiona mwenyewe akiwa kijana akijidunga ni kichocheo kikubwa kuliko picha yoyote ya kubuni. Asiangalie peke yake usiku. Awepo mtu anayemwamini, ikiwezekana mshauri wake au mwenzake aliyepona, na wakae pamoja saa kadhaa baada ya hapo. Kama alipitia kliniki au nyumba ya kurekebishwa tabia, mhimize aongee nao kwanza.

Wapo wanaopona ambao watakwambia, "Onesha, watu wajue nilikotoka." Hiyo ni haki yake pia. Ila basi iandikwe kwenye karatasi: aoneshwe wapi, jina litajwe au lisitajwe, uso ufichwe au usifichwe, na kwamba anaweza kubadili mawazo. Kuficha uso au kuruka tukio kufanyike kwenye nakala ya maonesho tu. Zile faili za kwanza zibaki kamili, zimefungwa, na nani anaweza kuzifungua kuandikwe.

Jambo la mwisho la msingi ni la umiliki. Kukuta boksi hakukufanyi mwenye filamu. Chini ya Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999 filamu ya 2002 bado inalindwa, na haki zake zimekwenda kwa warithi wa baba yako mdogo, yaani kwa kawaida mjane na watoto wake, au kama wosia ulivyosema. Kaeni kikao cha ukoo, wao ndio wasaini. Nyimbo za kizazi kipya alizozitia bila kuomba ruhusa, kama ilivyokuwa desturi, zina wenyewe. Hilo muulize mtu wa COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kabla ya kuiweka hadharani. Usizifute kwenye faili za hifadhi. Na onesho lolote la umma linapitia Bodi ya Filamu. Kwa hiyo YouTube iwe hatua ya mwisho kabisa, kama itafika. Mimi ningeanza na chumba kimoja Arusha, kikiwa na familia, waigizaji walio hai na watu wa mitaa ile.

Je, umpe kazi fundi au utafute mtaalamu? Nitakuwa mkweli kwako. Kanda saba safi anaweza kuzihamisha mtu makini wa hapohapo Arusha au Moshi, akiwa na deki nzuri na akikubali masharti niliyoyaandika hapa. Mjaribu kwanza kwa kanda isiyo na thamani kwenu, muangalie pamoja kama sauti inaendana na midomo dakika ya kwanza na dakika ya mwisho. Zile mbili zenye ukungu asiziguse. Zinahitaji kufunguliwa skrubu, kusafishwa kikavu kwa vifaa vinavyonasa vumbi laini, na mtu aliyewahi kufanya hivyo, ikiwezekana ndani ya hifadhi ya video au sauti yenye mashine hizo. Kuzituma nje ya nchi kunawezekana lakini ni ghali, na mzigo unaweza kupotea. Ningefikiria hilo kwa kanda ya MASTA peke yake, kama ni mojawapo ya zilizoota, na baada ya nakala ya kibanda kuwa imeshahamishwa salama.

Niandikie tena ukinieleza mambo matatu: zile mbili zenye ukungu ni zipi, kwenye lebo zimeandikwa SP (kasi ya kawaida ya kurekodi) au LP (kasi ya polepole), na kama ile kamera ya begani ya baba mdogo ipo bado. Kanda iliyorekodiwa na kamera ambayo hedi zake zimepinda kidogo mara nyingi husomeka vizuri kuliko popote ndani ya kamera hiyohiyo. Mtu yeyote nyumbani asiiuze kabla hatujazungumza.